Nimelipia apu msimu mzima wa figa skeiti, nikailinganisha na strimu ya bure, haya ndo maoni yangu

Jamani nimekaa na hii kitu moyoni tangu msimu uishe, leo naandika yote. Figa skeiti, ule mchezo wa kuteleza kwenye barafu na muziki, mtu anaruka anazunguka hewani anatua kwa mguu mmoja na majaji wanatoa pointi, mi naupenda sana na nimeupenda kwa miaka, na msimu huu nikaamua kufanya kitu ambacho sikuwahi kufanya, nikalipia. Nilichukua apu moja ya michezo kuanzia mashindano ya mwanzo mpaka ubingwa wa dunia, na wakati huohuo nikawa naangalia strimu ya bure ya YouTube ya ISU, lile shirikisho la kimataifa la mchezo wenyewe, wanaporusha Junior Grand Prix ya vijana. Apu sitaitaja jina, nia yangu sio kugombana na mtu, nataka tu anayefikiria kulipia ajue anachokwenda kupata.

Apu naipa nyota mbili kati ya tano. Strimu ya bure naipa nne na nusu. Sasa nieleze kwanini, na itabidi nizunguke dunia kidogo maana sababu iko huko.

Kwanza niwape haki yao, picha ya apu ni safi kabisa, sauti safi, haikuganda hata siku moja. Tatizo ni mtu aliyeipanga. Inaonekana anaamini mtazamaji wa figa skeiti ni yule anayekuja mara moja kila miaka minne, Olimpiki ikifika, anataka kujua mtelezaji wa kwao kashinda au kashindwa basi anazima. Ukifungua ukurasa wa mbele ni sura tatu zilezile mwezi mzima. Kuufikia mchezo wenyewe unaingia michezo, alafu michezo mingine, alafu barafu, unashuka chini ya hoki, chini ya mbio za skeiti, ndo unaukuta umelala huko. Ukibonyeza riplei ya mashindano yenye watelezaji zaidi ya ishirini unakuta wamebakiza kundi la mwisho tu, watu sita, wale wengine wote wamekatwa kama vile hawakuja. Na hata hao sita, mtu akimaliza anakimbizwa kwenye tangazo kabla hujaona amepata pointi ngapi, ile sehemu anakaa na kocha wake kwenye benchi macho kwenye skrini wanasubiri, ambayo kwangu ni nusu ya utamu wote, haipo.

Niliwaandikia huduma kwa wateja. Walijibu haraka na kwa heshima, wakasema wanaonyesha sehemu zenye mvuto mkubwa kwa watazamaji. Nikabaki najiuliza, mvuto kwa watazamaji gani? Maana huu mchezo hauna mtazamaji mmoja. Kila nchi inaupenda kivyake, kuna inayoupenda kama dini, kuna inayompenda mtu mmoja tu na sio mchezo, kuna yenye barafu kila kona na haina habari nao kabisa. Apu yangu ilipangwa kwa kichwa cha nchi moja tu, Marekani, tena Marekani ya miaka ya tisini.

Na ile Marekani ya tisini ilikuwa kweli moto, siwezi kukataa. Tarehe 6 Januari 1994 pale Detroit Nancy Kerrigan alipigwa gotini na mtu mwenye rungu, baadae ikajulikana watu wa karibu wa mpinzani wake Tonya Harding walihusika, wiki chache mbele wote wawili wako kwenye barafu moja Olimpiki ya Lillehammer na usiku ule wa programu fupi, ile raundi ya kwanza kabla ya programu ndefu, ukaingia kwenye vipindi vilivyowahi kutazamwa na watu wengi kuliko vyote katika historia ya televisheni ya Marekani. Dhahabu yenyewe akachukua binti wa miaka 16 kutoka Ukraine, Oksana Baiul, Kerrigan akapata fedha. Baada ya hapo vituo vya TV vikamwaga hela, maonyesho yakawa kila wikendi, Michelle Kwan akawa jina la kila nyumba, mataji 5 ya dunia na 9 ya taifa. Ila angalia kilichowaleta watu, ilikuwa hadithi ya wasichana wawili. Hadithi ilipoisha watu wakaanza kuondoka, na ile kashfa ya majaji ya Olimpiki ya Salt Lake City 2002 ikamalizia, ambapo ilibidi jozi ya Canada, yaani mwanamke na mwanaume wanaoteleza pamoja, nao wapewe dhahabu pamoja na Warusi baada ya jaji wa Ufaransa kusema alishinikizwa. Mfumo wa zamani wa alama, ambapo 6.0 ndo ilikuwa juu kabisa, ukafutwa 2004, ukaja wa sasa wa kuhesabu kila mruko na kila mzunguko. Mfumo mpya una haki zaidi, mi nautetea siku zote, ila mtu wa sebuleni 6.0 alikuwa anaielewa bila kufundishwa, hii 228.56 ni nini hasa, nzuri au mbaya? Apu ingeweza kumweleza kwa sekunde kumi tu pale kwenye skrini. Haikufanya hivo hata mara moja.

Naomba nisionekane naidharau Marekani kwenye huu mchezo. Ni nchi iliyopoteza timu yake yote ya taifa kwenye ajali ya ndege Februari 1961, watelezaji 18 wakiwa njiani kwenda ubingwa wa dunia Prague, ubingwa ukafutwa kabisa mwaka ule, wakaanza upya kwa kuleta makocha kutoka nje na miaka saba baadae Peggy Fleming akachukua dhahabu ya Olimpiki. Alafu Januari 2025 ndege nyingine ikaanguka Washington, wakafa watu 67, kati yao watoto waliokuwa wanatoka kambi ya mazoezi na wazazi wao na makocha. Miezi miwili baadae ubingwa wa dunia ukafanyika Boston, mji ambao ulipoteza watu kwenye ajali zote mbili, na Ilia Malinin na Alysa Liu wakashinda hapohapo nyumbani. Mimi nililia. Watu walioupenda mchezo wao wapo Marekani, wengi tu, ni vile televisheni inawahesabu wale wa kila miaka minne kwanza.

Sasa twende Japani, na hapa naomba nikae kidogo.

Ukitaka kujua nani anaubeba huu mchezo kwa pesa usiangalie barafu, angalia ule ukuta mfupi unaozunguka rinki. Mashindano yako Ulaya, watazamaji ni Wazungu, mtelezaji anatoka sijui wapi, na matangazo ukutani yameandikwa Kijapani. Mara ya kwanza nilipoona nilidhani nimekosea strimu. Kampuni zinalipa kwasababu TV za Japani zinaonyesha, TV zinaonyesha kwasababu watu wanaangalia, na watu hawakuanza kuangalia jana. Midori Ito mwaka 1988 alikuwa mwanamke wa kwanza kutua mruko wa akseli wa mizunguko mitatu na nusu kwenye mashindano, mwaka uliofuata akawa bingwa wa dunia, alafu Olimpiki ya Albertville 1992 akapata fedha na akaiomba nchi radhi kwa kukosa dhahabu. Fikiria uzito huo mtu kabebeshwa. Torino 2006 Shizuka Arakawa ndo akaileta hiyo dhahabu, na ilikuwa medali pekee ya Japani kwenye michezo ile yote. Akafuata Mao Asada na mataji matatu ya dunia. Alafu akaja Yuzuru Hanyu.

Hanyu anatoka Sendai. Mwaka 2011 tetemeko lilipopiga alikuwa kwenye rinki na viatu vyake vya skeiti mguuni, akakimbia navyo. Miaka mitatu baadae Olimpiki ya Sochi anachukua dhahabu na umri wa miaka 19, Mwasia wa kwanza kushinda kwa wanaume, 2018 akarudia tena, kitu ambacho kwa wanaume hakikufanyika tangu Dick Button wa 1948 na 1952. Alipofanyiwa gwaride kule kwao Sendai walijitokeza watu zaidi ya laki moja. Laki moja kwa mtelezaji. Alipoacha mashindano 2022 wengi walidhani basi imeisha, Februari 2023 akafanya onyesho lake peke yake Tokyo Dome, uwanja wa besiboli, watu 35,000 kuangalia mtu mmoja kwenye barafu. Na wale wanasesere wa Winnie the Pooh, yule dubu wa katuni, wanarushwa barafuni akimaliza mpaka sehemu nzima inakuwa ya njano, watoto wanaingia na skeiti zao kuokota. Mi nilianza kuupenda huu mchezo kwa vidio moja kama hiyo, niliona mvua ya madubu nikauliza huyu ni nani.

Apu yangu ilikata mvua ya zawadi za watelezaji wote. Wote! Mtu anamaliza, anainama, tangazo.

Na kitu kinachonigusa zaidi kuhusu mashabiki wa Japani ni kwamba mapenzi yao hayaishii kwa Wajapani. Wanakuja na bendera za nchi za watu, wanampigia makofi aliyeanguka mara nne mpaka anyanyue kichwa. Saitama 2023 Japani ilichukua ubingwa wa dunia wanaume, wanawake na jozi, tatu kati ya nne, na bado dansi ya barafu waliyoshinda Wamarekani uwanja ulilipuka vilevile. Hapo ndo unaona tofauti ya kupenda ushindi na kupenda mchezo.

Korea Kusini wao ni hadithi ya mtu mmoja, lakini mtu mmoja aliyeacha mlango wazi. Kim Yuna alikua akifanya mazoezi kwenye rinki za umma usiku, watu wa kawaida wakishaondoka, kwasababu rinki ya watelezaji wa kiwango chake hazikuwepo. Vancouver 2010 akapata zile 228.56 nilizotaja juu, rekodi ya wakati ule, medali ya kwanza ya Olimpiki ya Korea katika figa skeiti na ikawa dhahabu. Sochi 2014 akapewa fedha nyuma ya Mrusi, na mtandaoni watu zaidi ya milioni wakasaini kudai majaji wachunguzwe. Mi binafsi nimeangalia programu zote mbili mara nyingi na bado moyo wangu uko kwa Kim, najua wapo watakaonishambulia kwa hilo. Pyeongchang 2018 nani aliwasha mwenge? Yeye, akiwa na skeiti mguuni juu kabisa. Watoto waliomwona kwenye TV ndo hao sasa, 2023 Cha Jun-hwan na Lee Hae-in wote walirudi na medali za fedha za ubingwa wa dunia, na Cha ni mwanaume wa kwanza wa Korea kufika hapo.

Na hapa kuna kitu ninachopenda kukielezea kila nikipata nafasi. Kuna klabu moja Toronto, kocha ni Brian Orser, mwenyewe alipata fedha mbili za Olimpiki 1984 na 1988. Kim alitengenezwa pale kuelekea dhahabu yake. Baadae Hanyu akaja palepale. Na aliyekuwa anafanya naye mazoezi kila siku barafu moja kocha mmoja ni Javier Fernández wa Hispania, bingwa wa dunia 2015 na 2016, mara zote mbili akimwacha Hanyu namba mbili, bingwa wa Ulaya mara saba mfululizo, shaba ya Olimpiki 2018. Hispania! Nchi ya kandanda, kabla yake hakuna Mhispania aliyewahi hata kukaribia huko. Ubora uleule, rinki ileile, umri unakaribiana, mmoja akirudi kwao anafungiwa mji mzima kwa gwaride na mwingine amebeba nchi isiyokuwa na historia kabisa ya huu mchezo. Mimi naona Fernández ndo alifanya kazi ngumu zaidi kuliko wote watatu. Apu ina kipengele cha hadithi za mabingwa. Nimetafuta jina lake, hayupo.

Uholanzi ndo inanichanganya kila siku. Hawa watu barafu iko kwenye damu, mifereji ikiganda nchi inasimama, yale mashindano ya Elfstedentocht ya karibu kilomita 200 kupita miji kumi na moja mara ya mwisho yalifanyika Januari 1997 na mpaka leo kila baridi ikikaza wanaanza kupima unene wa barafu. Uwanja wa mbio za skeiti wa Thialf kule Heerenveen unajaa rangi ya chungwa. ISU yenyewe ilizaliwa kwao, Scheveningen 1892. Medali yao ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki ya baridi ilikuwa ya figa skeiti, Sjoukje Dijkstra 1964. Lakini uliza mchezo gani unaupenda, watakwambia mbio. Kwahiyo sio hali ya hewa. Watu wengi wanadhani nchi yenye baridi ndo itapenda figa skeiti, sio kweli hata kidogo, Norway nao walimtoa Sonja Henie, dhahabu tatu 1928, 1932 na 1936, na roho yao iko kwenye ski. Finland wao wamependa tawi la kuteleza kikundi, watu 16 kwa pamoja kama mtu mmoja, ambalo hata kwenye Olimpiki halijaingizwa, na kwenye apu halijulikani kama lipo.

Urusi inahitaji maandishi yake peke yake. Kuanzia 1964 mpaka 2006 dhahabu ya jozi kwenye Olimpiki ilikwenda kwa Wasovieti na warithi wao, Olimpiki 12 mfululizo, ile ya 2002 wakigawana na Canada. Serikali ilikuwa inajenga shule za michezo, mtoto anaingia na miaka minne, mwalimu wa baleti yupo, kocha yupo. Mpaka leo wana vipindi vya TV vya mastaa wanaoteleza na watu maarufu, makocha wao wanajulikana kwa jina kama waigizaji. Lakini kuna upande ambao siwezi kuupita kimya, mabinti wa miaka kumi na tano wanaoruka kwadi, ule mruko wa mizunguko minne, leo na kesho wamestaafu wamevunjika. Alina Zagitova alishinda 2018 na miaka 15. Kamila Valieva alikuwa na miaka 15 Beijing 2022, kesi ya dawa za kuongeza nguvu ikalipuka katikati ya mashindano, tukamwona anaanguka na kuanguka kwenye programu ndefu huku dunia nzima inaangalia, Januari 2024 mahakama ya michezo ikamfungia miaka minne. Umri wa kushindana na wakubwa umepandishwa mpaka 17, na mi nasema ulichelewa. Tangu Machi 2022 Warusi walitolewa kwenye mashindano ya ISU kwasababu ya vita Ukraine, wao wakaendelea nyumbani, wakatengeneza mpaka mashindano ya kuruka tu, na TV yao inaonyesha. Yaani mchezo ulifungiwa nje na bado ndani haukupoa.

China nitapita haraka ila jina la Yao Bin lazima nilitaje. Alikwenda na mwenzake ubingwa wa dunia 1980, wakawa wa mwisho na watu uwanjani waliwacheka, maana walikuwa wamejifunza mambo mengi kwa kuangalia picha tu. Akarudi akawa kocha. Vancouver 2010 wanafunzi wake Shen Xue na Zhao Hongbo ndo waliokata ule mnyororo wa Warusi. Kila nikikumbuka hii napata nguvu. Na Uingereza walishawahi kusimama nchi nzima, Olimpiki ya Sarajevo 1984, Torvill na Dean wa dansi ya barafu, watu kama milioni 24 mbele ya TV, majaji wote tisa wakawapa 6.0 kwa sanaa. Sa hivi ukiwauliza wengi watakumbuka usiku ule tu.

Sasa strimu ya bure.

Junior Grand Prix inaanza karibu mwisho wa Agosti, vijana kuanzia miaka 13, kila wiki mji tofauti. ISU wanairusha yote YouTube, namaanisha yote, mtelezaji wa kwanza mpaka wa mwisho, mpaka zile dakika za kupasha misuli wote sita wakiwa barafuni na wakati gari la kulainisha barafu linapita. Hakuna aliyekatwa. Kwa miaka mingi sauti yake ilikuwa Ted Barton, Mcanada, na huyu mzee alinifundisha kila kitu ninachokijua, anaeleza kwanini mtoto ameanguka, bega lilifunguka mapema, hakusubiri makali ya kiatu yashike, na hajawahi kumcheka mtoto yeyote. Anampa maneno mazuri wa Kirusi, wa Kikorea, wa kutoka nchi ambayo rinki yake iko ndani ya mall. Na sio mfano wa kubuni, Michael Christian Martinez wa Ufilipino alianzia kwenye rinki ya mall na akafika Olimpiki 2014, wa kwanza kutoka Asia ya Kusini Mashariki. Kwenye riplei ya apu mtu kama huyo angekuwa kwenye kundi lililokatwa.

Nilichogundua baada ya msimu mzima ni kwamba pale chini kwenye strimu ya vijana ndo unaona ramani halisi ya huu mchezo. Wajapani wanakuja wengi na wote wana viwango, Wakorea wamekuwa wengi kuliko zamani, Wamarekani wengi ni watoto wa wahamiaji, hata Malinin mwenyewe wazazi wake waliteleza kwa Uzbekistan. Georgia nchi ndogo wanashindana na wakubwa kwenye jozi. Kazakhstan walimpata Denis Ten, shaba Sochi 2014, aliuawa 2018 na miaka 25 tu kwao Almaty, na Machi 2025 Mikhail Shaidorov akachukua fedha ya dunia kwa bendera ileile. Mambo kama haya hayatokei kwenye ukurasa wa mbele wa apu yeyote, unayaona kwa kukaa masaa manne unaangalia watoto wanaanguka na kunyanyuka.

Nikupe mfano mmoja wa mwisho wa jinsi ladha zinavyopishana. Miaka ya 1860 Mmarekani Jackson Haines alikuwa anateleza kwa kucheza, mikono wazi, na muziki. Kwao hawakumwelewa, walitaka mtu achore maumbo kwenye barafu kwa makali ya skeiti na asimame wima. Akaenda Vienna, mji wa waltzi, wakampokea kama mfalme na mtindo tunaoutazama leo ulianzia huko. Alafu Surya Bonaly wa Ufaransa, Nagano 1998, anajua hapati medali, ana maumivu, akapiga samasoti ya kinyumenyume akatua kwa mguu mmoja, kitu kilichokatazwa na sheria. Majaji wakamkata pointi, watu wakasimama. Ilichukua mpaka msimu wa 2024 kuelekea 2025 samasoti kuruhusiwa, sasa Malinin anaipiga na ukumbi unapasuka. Bonaly alistahili haya makofi wakati wake, na mi sitachoka kusema hivo.

Strimu nimeinyima nusu nyota kwasababu moja, ni ya vijana. Mashindano ya wakubwa haki zake zinauzwa nchi kwa nchi, kwahiyo ISU wakirusha YouTube inafunguka pale ambapo hakuna kituo kilichonunua, na palipo na kituo inafungwa. Matokeo yake nchi inayoupenda mchezo ndo inalipa, nchi isiyoujua inaangalia bure na haijui hata kwamba imepewa. Kabla hujalipia chochote angalia kwanza kama kwako iko wazi, kwenye tovuti yao wanaweka orodha ya vituo kwa kila nchi.

Apu nimeshaikatisha. Kama ukilazimika kuichukua chukua mwezi mmoja tu, Machi, wa ubingwa wa dunia, na angalia laivu usisubiri riplei, laivu angalau kundi la kwanza wanalionyesha. Agosti mi niko YouTube kuanzia programu fupi ya jozi, na nawashauri muanze na jozi.